Mlinzi wa Sauti ya Mama

Siku hizi marehemu huacha sauti yake kwenye kompyuta ya nyumbani. Sauti hiyo hujibu salamu, lakini sheria inataka faili yake isibadilike: aliyekufa hajifunzi jambo jipya. Ndiyo maana mume wangu, Kibwana, aliweka programu ya ulinzi kwenye kompyuta yetu ya Linux. Ilichukua alama ya kila faili, kama alama ya kidole, na kila asubuhi ikawa inalinganisha. Siku zote jibu lilikuwa: hakuna kilichobadilika.

Jumamosi, nikiwa nakoroga uji wa mtoto, programu ikasema faili ya sauti ya marehemu mama yangu imebadilika.

"Umeigusa?" nikamuuliza Kibwana.

"Mimi? Mkwe haguswi, hata akiwa faili."

Nikaiwasha sauti.

"Hujambo, mwanangu? Na Rukia kaamkaje?"

Rukia, mtoto wetu, alizaliwa baada ya mazishi yake.

"Turudishe nakala ya zamani," Kibwana akasema. "Ndiyo sheria."

"Tukiirudisha, atamsahau mjukuu wake."

Akanitazama, akaondoa mkono kwenye kibodi. Nikabonyeza mwenyewe: kubali, chukua alama mpya.

Kesho yake mlinzi, akilinganisha na alama mpya, alisema hakuna kilichobadilika. Mtoto alipolia, mama alimwimbia kutoka kwenye kompyuta, taratibu, kwa sauti tamu, mpaka akalala. Kibwana akatabasamu. Mimi nilibaki nimeshika kijiko. Mama yangu hakuwahi kuimba maishani mwake. Alikuwa akisema sauti yake inafukuza kuku.