Tope la Jumamosi

Sheria inasema pikipiki iliyokariri tabia za mwenyewe isizimwe mpaka ipite miaka mitatu tangu afariki. Basi kila Jumamosi pikipiki ya marehemu mume wangu inajiwasha, inatoka peke yake kwenda kuparamia milima ya Kinole na rafiki zake, halafu inarudi kunichafulia uwanja niliofagia. Anayeiosha ni nani? Mimi!

Leo nimemkalia kooni rafiki yake, Mkude. "Nimechoka! Msiipitie tena."

"Shemeji, hatuipitii. Yenyewe ndiyo inayotupitia, nyumba kwa nyumba, kama alivyozoea."

Nikachukua ndoo kwa hasira. Tope lilikuwa limetapakaa kote, hadi kwenye taa. Kiti tu ndicho kilichokuwa kisafi, kikavu, kama vile aliyekikalia ameshuka sasa hivi.