Mabanga Saba ya Potopoto

Swali la kwanza halikuhusu wimbo. Lilihusu majina.

“Rudia,” alisema Patron Stanislas. Jacques, mlinzi wake, akayataja tena yote saba bila kutazama simu: Sous-Marin, Tochi, Dix-Roues, Papa Ariane, Maziwa, Kinyozi, Caporal Bila Bunduki.

Bulonza hakushangaa. Bukavu nzima iliujua mwisho wa wimbo ule kwa kichwa.

Walikuwa wamemfunga kwenye kiti ndani ya depo ya simenti, mchana kweupe. Nje, wanafunzi waliotoka shule walipita wakiimba kiitikio chake. Hawakujua kwamba Potopoto, aliyerap miaka sita akiwa amefunika uso, ndiye huyu Bulonza, aliyekuwa nyuma ya ukuta huo akitema jino.

Redio hazikuthubutu kupiga muziki wake. Nyimbo zake zilisafiri ndani ya kadi za simu, kutoka mwendesha pikipiki mmoja hadi mwingine, kutoka Kadutu hadi Walungu. Huu wa mwisho ulisema kwamba shimo moja la dhahabu huko Luhwindja lilizibwa kwa amri ya tajiri, watu wakiwa ndani.

Hilo halikumsumbua Patron. Watu husema mengi. Kilichomsumbua ni majina.

Kwa wanamuziki wa huku, jina haliimbwi bure. Mwenye baa, mwenye duka, mheshimiwa anayetaka kura, kila mmoja hulipa ili atajwe ndani ya wimbo. Hayo ndiyo mabanga. Potopoto alikuwa amewacheka waimbaji wa mabanga tangu aanze, na sasa alikuwa amemaliza wimbo kwa mabanga saba. Patron aliona maana moja tu: kuna wakubwa saba waliomlipa kijana huyu amchafue.

“Petit, miye siko na shida na weye,” alisema kwa upole. “Weye ni musanii, unatafuta mukate. Nionyeshe tu bale bakubwa saba. Huyu wa magurudumu kumi, Dix-Roues, iko na makamyo ngapi, hata akulipe unitukane?”

Bulonza alifungua mdomo. Kofi la Jacques likatua kwenye shavu la kulia kabla neno halijatoka.

“Muache aseme kwanza!”

“Alikuwa anataka kukutukana, Patron.”

“Umejua aje?”

“Ni ba rappeur. Banaanzaka na matusi.”

Patron akacheka.

Bulonza hakuwa na mkubwa yeyote. Mwezi wa tatu, mtu asiyemjua alisukuma chini ya mlango wa studio kipande cha mfuko wa simenti, kimeandikwa kwa herufi kubwa, wino umesambaa kana kwamba mkono ulipita juu yake kabla haujakauka. Kilitaja siku, shimo, idadi ya walinzi waliokuwa mlangoni, na majina ya kazi ya waliobaki chini. Mchimbaji anayetoka Kalehe au Shabunda hupewa jina jingine pale shimoni, jina ambalo hata mama yake halijui.

Patron ndiye aliyeamuru shimo lizibwe. Hakuwahi kuuliza walio ndani wanaitwa nani.

Kwa hiyo Bulonza alinyamaza. Akisema kwamba hao saba ni marehemu, Patron angejua mara moja siri imetoka wapi: siku ile waliokuwa mlangoni pa shimo ni walinzi wanne tu. Mmoja wao ndiye aliyeandika. Bulonza hakujua ni yupi, ila alijua kwamba Patron angewaua wote wanne ili asikosee.

“Leta nyundo,” alisema Patron.

Alifanya mwenyewe. Kidole cha kwanza cha mkono wa kulia kilivunjika kwa sauti ndogo, kama ukuni mkavu. Kwa cha pili, Bulonza alilia mpaka koo likakauka. Aliona nyundo ikipanda mara ya tatu, na ndani yake kitu kikaachia.

“Basi, Patron! Nitasema. Bale batu saba…”

Kitako cha bunduki ya Jacques kilimkuta hapohapo, tena upande uleule wa kulia. Taya likavunjika. Meno na damu vilimwagika juu ya vumbi la simenti. Alijaribu kumalizia maneno yake, lakini sauti iliyokuwa ikitingisha kumbi za Kadutu ilitoka kama mlio wa mbuzi.

Patron alimkodolea macho mlinzi wake. “Imbécile! Sasa atasema na nini?”

“Pardon, Patron. Mukono ilipita.”

“Basi aandike!”

“Aandike na nini? Vidole ni weye ulivunja.”

Patron aliitazama nyundo mkononi mwake, kisha saa. Harusi ya binti wa dada yake ilikuwa saa nane, na shati lake lilikuwa na damu. Akatupa nyundo.

“Malizana naye. Mwili, ku muto ya Ruzizi.”

Gari likaondoka. Jacques alifunga mlango kwa komeo, akasikiliza mpaka mlio wa injini ukapotea, kisha akachomoa kisu. Bulonza alifumba macho. Alianza kumwomba Bikira Maria kwa mdomo usioweza kufungika. Ubaridi wa chuma ukamgusa kifundo cha mkono.

Kamba ikaanguka.

Jacques alimwinua kwa makwapa, akamburuza hadi mlango wa nyuma palipokuwa na pikipiki, akamvika koti lake. Alimfunga vifungo kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja.

“Wa munane nilishindwaka kumuandika,” alimnong’oneza sikioni. “Gentil. Mudogo yangu. Ni miye nilimutafutiaka ile kazi.”