Kigingi cha Miguuni

Tangu alfajiri Nakijwa hakutulia. Alifagia ua mara mbili, akaonja uji asiumalize, kisha akabeba panga na vigingi, akateremka hadi kwenye kipande cha shamba alikojenga binti yake, Namkunda, alipoachika. Jana yake Mbonea, kaka mtu, alikuwa ameleta mnunuzi kukitazama.

Nakijwa alipigilia vigingi vitatu kando ya mlango wa bintiye.

"Mama, unapima nini?" Mbonea aliuliza, akija mbio.

"Kaburi langu."

"Wewe! Unajichuria kifo?"

"Nichurie nisichurie, nitakufa tu. Wosia nimeshaandika kwamba hapa ni pa dada yako, kama wakili alivyonishauri. Lakini reli ilipokuja mji huu, waliofukuzwa ni wale wasio na kaburi la kuonyesha. Babu yako alionyesha la mama yake, na wenye reli wakaipindisha. Mpaka leo imepinda pale."

"Si utalala kule juu, karibu na kaburi la baba?"

"Baba yako alinikoromea miaka yote ile. Imetosha."

Mbonea hakucheka. "Sasa hapa nani atanunua, Mama?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu."

Akatandika kanga kwenye majani, akajilaza chali kujipima. Namkunda alitokeza mlangoni, mwiko mkononi.

"Mbonea, mie siinuki tena," mama alisema akitazama mawingu. "Hebu nipigilie kile cha miguuni."

Mbonea aliokota kigingi kilichobaki. Akakigeuza huku na huku, macho yake kwenye nyayo za mama yake, zilizopasuka na kujaa udongo mwekundu.