Theluthi ya Mwamini

Konde la kwanza lilimpata Adamu mdomoni. La pili likamwangusha mkekani, na kabla hajainuka Kitwana alishamkalia kifuani, anamkaba koo.

"Mali ya dada yangu unawapa wasomi wenzio?"

Mashahidi wanne wa wasia, walioitwa pale kijijini Mzenga asubuhi ile, walihangaika kumbandua. Kitwana alikuwa na nguvu za fahali, na akili zake, Mungu anisamehe, hazikuwa mbali na za huyo fahali.

Mwenye mali, Mwamini, alikuwa amelazwa kitandani palepale ukumbini. Mjane, tumbo limevimba, na daktari wa Kisarawe alishamwambia mwezi hataumaliza. Shamba lake la minazi alitaka lisomeshe vijana historia na ushairi katika chuo kule Uganda, alikofia mwanawe wa pekee, Mwinjuma, akiwa mwaka wa pili. Adamu, mtoto wa baba yao mdogo, alisoma huko pia. Yeye na wenzake waliomaliza ndio waliokichangia chuo, huyu gunia la korosho, yule mshahara wa mwezi.

Lakini Sheikh wa kijiji, naye akiwapo pale, alikuwa ameshamweleza Mwamini sheria: mgonjwa wa kufa haruhusiwi kuusia zaidi ya theluthi ila mrithi aridhie. Mrithi ni Kitwana. Kitwana asingekuwepo, zile theluthi mbili zingemwangukia Adamu. Mara tatu Mwamini alimbembeleza ndugu yake aridhie, na mara tatu Kitwana aliapa kwamba chuo hicho hakitaonja hata dafu. Sasa jana yake, sijui kwa nini, mama huyu akamtumia neno kuwa kesho anatoa shamba zima.

Basi wakambandua. Adamu akatema jino. Yangeishia hapo, lau Mwamini angefunga mdomo wake.

Hakuufunga. Aliinuka kwa kiwiko akamtukana nduguye mbele za watu: mlafi, mwizi wa sanda ya Mwinjuma, mtu ambaye mama yao alijuta kumzaa. Sheikh alimsihi anyamaze, naye akazidisha. Mdomo uliponza kichwa, wahenga hawakukosea.

"Wewe si mwanamume," alimwambia. "Mwanamume angenijia mimi, si Adamu."

Mchi ulikuwa umeegemezwa kwenye kinu. Kitwana aliunyakua akampiga nao kichwani, akarudia, na damu ikaruka mpaka ukutani. Watu walipomfunga kwa kamba ya mbuzi alikuwa ameshaanza kulia, anaita dada, dada. Hasira hasara. Inatia uchungu kusimulia.

Sheikh aliinama sikioni mwa Mwamini amtamkishe shahada. Aliitamka yote, polepole, kisha akamshika kanzu.

"Mwambie Adamu shamba lote liende chuoni," alinong'ona. "Muuaji harithi."