Punda wa Bi Hadia

Tak. Tak. Tak.

Baada ya sala ya alfajiri, kokwa za tende zilikuwa zikianguka moja moja kwenye sahani ya shaba. Kamaludin aliisikia sauti hiyo akiwa nje, akastaajabu. Bi Hadia hakuwa na meno ya kutafunia tende, na tangu mumewe afariki aliishi peke yake katika nyumba ile ya mwisho ya mji wa Siyu.

"Hodi, Bi Hadia!"

Sauti ikakatika. "Karibu, mwanangu. Umekuja kumtazama punda?"

Ndilo lililomtoa nyumbani mapema. Kamaludin alipata kazi ya kusomesha Kurani huko Chundwa, lakini mamake alikuwa mgonjwa Siyu, na hakuwa na moyo wa kumwacha alale peke yake. Kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu, na kila siku watoto walifika chuoni kabla yake. Wazee wa Chundwa walisema naye kwa upole, lakini walisema: kama mwezi utaandama na yeye bado anachelewa, watatafuta mwalimu mwingine.

Kwa hiyo alitaka punda aliyekwisha kutumika, kwa kuwa mpya hakummudu. Awe na mbio, na asigome njiani.

Alikwisha kujaribu wawili. Punda wa Badawi alikuwa na mbio kweli, ila alikimbia peke yake, baada ya kumbwaga Kamaludin kwenye matope. "Si ulitaka mbio?" Badawi alimwambia huku akicheka. "Hukusema unataka kwenda naye." Punda wa Gharib alikuwa mtulivu. Hata Gharib mwenyewe alipokuja kumsukuma kwa bega, hakukasirika wala hakusogea.

Huyu wa Bi Hadia alikuwa wa kijivu, masikio yamesimama, kwato safi. Kamaludin alimtazama meno, akamwinua mguu mmoja mmoja, kisha akamtoa kupe sikioni, taratibu, asimuumize. Bi Hadia aliliona hilo.

"Ana mbio?"

"Mpande uone."

Kamaludin alimpanda mpaka makaburini na kurudi. Kofia yake ilibaki njiani.

"Chundwa wapita ndia gani?" Bi Hadia aliuliza.

"Ndia hii hii, mbele ya mlango wako."

"Kila siku?"

"Kila siku, ila Ijumaa."

Bi Hadia alivuta pumzi. "Haya, Ijumaa tutavumilia."

"Lakini nasikia Badawi alikupa bei kubwa kuliko niliyo nayo mimi."

"Badawi alitaka kumvusha bahari, ampeleke Amu!" alisema kikongwe, kama mtu aliyetukanwa. "Mchukue wewe. Ila nisije nikaulizwa mbele ya Mungu, ana kasoro moja. Ana mahali pake pa kusimama. Ni mahali pamoja tu."

Mahali pamoja si neno, Kamaludin alifikiri, wakapeana mikono.

Asubuhi ya kwanza punda alishika njia kama aliyefukuzwa. Alipofika mbele ya nyumba ya Bi Hadia alisimama ghafla, nusura mwalimu apite juu ya masikio yake. Alipigwa visigino, akabembelezwa, akasomewa dua. Hakutikisika.

Mlango ukafunguliwa. "Ah, ndiyo kasoro yenyewe," alisema Bi Hadia. "Marehemu mume wangu Mahmud alikuwa hapiti hapa bila kushuka. Punda amezoea."

"Lakini Bi Hadia, hapa palikuwa kwake!"

"Basi ndiyo sababu. Shuka, mwanangu. Haondoki huyo mpaka mtu anywe kahawa."

Barazani palikuwa na vikombe viwili, na kahawa imekwisha miminwa.

Kamaludin alikunywa upesi, roho yake iko Chundwa. Alikula na kipande cha mkate wa mofa. Alipotaka kuondoka, Bi Hadia alijishika kiuno. "Hebu nichotee maji kisimani kwanza." Akaenda nyuma ya nyumba, akachota. Aliporudi, punda alikuwa amekwisha kugeuka mwenyewe kuelekea njiani, na siku hiyo walifika Chundwa kabla ya mtoto yeyote.

Ikawa ndiyo desturi. Akienda, husimama, akirudi, husimama. Kamaludin alijaribu kumfunga macho kwa leso. Punda alisimama pale pale, tena akanyoosha shingo kuelekea mlangoni. Mwalimu akakata tamaa ya kushindana naye, akaanza kuizoea ile kahawa. Bi Hadia akawa anamfungia mamake mchuzi wa papa apeleke nyumbani, naye akamtengenezea Bi Hadia mlango uliokuwa ukining'inia.

Mwezi ukaandama. Wazee wa Chundwa wakamwambia kazi ni yake, abaki. Jioni hiyo Bi Hadia alikuwa wa kwanza kuipata habari, maana punda hakumruhusu Kamaludin kwenda kumpa mtu mwingine. Kikongwe akapiga kigelegele kama aliyemwoza mwanawe.

Asubuhi iliyofuata, Kamaludin aliweka kikombe chini na kusema, "Mungu amrehemu marehemu. Alimfunza punda huyu adabu nzuri."

Bi Hadia alikohoa kidogo. "Nichotee maji, mwanangu."

Kisimani Kamaludin alimkuta jirani, Bi Barka, amekwisha kuujaza mtungi wa Bi Hadia. Akajitwika, akarudi upesi kuliko siku zote, miguu mitupu kwenye mchanga. Kwenye pembe ya nyumba akasimama.

Bi Hadia alikuwa kichwani mwa punda, ameshika ile sahani ya shaba. Punda alikuwa akila tende zilizotolewa kokwa, moja baada ya moja, kiganjani mwake.

"Ahsante, baba," alimnong'oneza sikioni. "Na jioni umlete tena."