Jani la Bi Tunu

Afisa wa afya alimkabidhi Bi Tunu karatasi ya maabara. Vinasaba vilionyesha kwamba jani lililomdhuru mteja wake halikuwa la mti wa dawa anaouza, bali la mti mwingine unaofanana nao.

"Kumbe ni miti miwili, mama. Kwa macho haitofautiki."

"Nilikwambia siku uliyonifungia duka. Nikakwambia uonje kikonyo cha jani: wangu mtamu, ule unawasha. Ukanicheka mbele za watu."

Bi Tunu alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na majani mawili, akayabwaga juu ya karatasi ile.

"Haya. Niambie lipi langu."

Afisa aliyageuzageuza, jasho likimtoka. Barabarani, watu waliomkwepa Bi Tunu miezi saba walianza kusimama.

"Onja," alisema Bi Tunu.