Pete Ndani ya Bilauri

Zorka alipoitoa pete yake kwenye bilauri ya maji, aliona ukungu mweupe umetanda chini ya rangi za jiwe lake la opali.

Alikuwa ameiloweka tangu jana, kwa nia njema. Hapa jangwani kila mchimbaji huweka mawe yake majini yasipasuke kwa ukavu, na leo mnunuzi anakuja. Miaka thelathini na moja mumewe alimkataza kuilowesha. Hata akitaka kuosha vyombo, ilibidi aivue kwanza.

"Mambo yakitushinda, tunaliuza hilo jiwe tunarudi kwetu," alikuwa akimwambia.

Sasa mapafu ya mzee yalikuwa yamejaa vumbi la shimoni, na mambo yalikwisha kuwashinda.

Akaufuta ukungu kwa kidole gumba. Haukufutika. Akapitisha ukucha ukingoni, na opali ikabanduka, nyembamba kama gamba la samaki. Chini yake kilibaki kipande cha jiwe jeusi na gundi iliyolainika.

Akaenda nayo kitandani, kwenye chumba walichokichonga wenyewe mwambani.

"Wewe, hili jiwe ni la gundi! Lile letu liko wapi?"

Mzee akalitazama, kisha akageukia ukuta. "Tulilila, mke wangu. Mwaka ule ule wa kwanza tulipofika hapa."

Nje gari likasimama. Honi ikalia mara mbili.

"Na huyu nikamwambie nini?"

Mzee akakohoa mpaka pumzi ikamrudia.

"Mwambie hutaki kuliuza. Wote waliokuja nimewaambia hivyo, kwamba mke wangu hataki."